Siku Niliyomsimamisha Dada

Harufu ya majani yaliyofyekwa asubuhi, yakiwa bado na umande, hunitoa popote nilipo. Naweza kuwa ofisini hapa Mbeya, dirisha liko wazi, vijana wa usafi wanafyeka uwanja wa jirani, na ghafla kalamu inasimama mkononi. Wenzangu wa rika langu wakiisikia harufu hiyo hukumbuka zamu za shule, fyekeo butu na malengelenge viganjani. Mimi nakumbuka uwanja wa mpira wa Tukuyu, mistari ya chokaa ikianza kulowa kwa manyunyu, na dada yangu Subilaga amesimama ameinua uso juu kidogo, akisubiri nimwambie tumefika wapi.

Subilaga alinitangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu. Surua ilimchukua macho kabla mimi sijaja duniani, kwa hiyo kwangu hakuwahi kuwa mtu aliyepofuka. Alikuwa dada tu, na kutoona kwake kulikuwa kama urefu wake au sauti yake nzito. Nyumbani kwetu Kawetele tulilala kitanda kimoja. Kazi yangu tangu nilipoanza kusema ilikuwa kumwambia vitu: ukungu umefika wapi, nani anapita njiani, ng'ombe amegeukia upande gani. Yeye kazi yake ilikuwa kuniambia nilivyovikosa. Alimjua mgeni kwa kikohozi kabla hajakunja kona ya migomba. Alijua mama amelia kwa jinsi alivyokuwa akiweka sufuria chini.

Na alipenda kukimbia. Tulipokwenda kisimani, ndoo zikiwa tupu, alishika nyuma ya gauni langu akasema, "Kimbia." Nilikimbia. Niliponyata kwa kuogopa utelezi alinisukuma mgongoni. "Kimbia kweli," alisema. Mama alipotuona siku moja alikaa chini kwenye majani akajishika kichwa. Aliona mtoto wake asiyeona akishuka mlima mbio na mwingine mdogo mbele yake, wote wawili wakicheka.

Shule yetu ya msingi ilikuwa na darasa la watoto wasioona, na mwalimu wa michezo aliitwa Gwakisa. Alikuwa mtu mkavu, mwembamba, aliyewahi kukimbia enzi za jeshini, na alikuwa na saa ya kupimia mbio aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Watu wazima wote niliowajua walipozungumza na dada walianza na neno pole, hata kama hakuna kilichompata. Mwalimu Gwakisa sikumsikia hata mara moja akimwambia pole. Mara ya kwanza alipompima, alimtazama akihema, akatazama saa, akasema, "Subilaga, wewe ni mvivu. Mzunguko wa pili umelala. Kesho saa kumi na mbili asubuhi hapa."

Tulirudi nyumbani dada akiwa hasemi neno. Nilidhani amekasirika. Tulipofika kwenye daraja la miti alisimama akasema, "Umesikia? Ameniita mvivu." Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

Basi tukaanza. Mwalimu alichana kipande cha kanga kuukuu ya mama, kirefu kama mkono wangu, akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wa dada na nyingine kwenye wangu. Akatufundisha lugha ya kile kitambaa. Kuvuta mara moja ni kona. Kuvuta mara mbili ni hatari, simama. Kulegeza kabisa ni mstari wa mwisho, toa ulichobakiza. Mimi alinipa sharti moja. "Wewe ni macho," alisema. "Macho hayatangulii mwili. Siku nikikuona umemtangulia hata nusu hatua, nakuondoa."

Kwa hiyo nilikimbia pembeni yake, nyuma kidogo, kwa miaka mitatu. Sikuwa na umri wa kufuatana na msichana mkubwa kama yule, lakini nilikuwa mwepesi, nina miguu mirefu, na mwalimu alinikamua kama alivyomkamua yeye. Tulikimbia kwenye barabara ya udongo mweusi katikati ya mashamba ya chai, mvua ikinyesha na isiponyesha. Wachumaji waliinua vichwa wakatutazama. Wengine walituita kwa kutuonea huruma, wengine kwa kutucheka, na wakati ule sikujua kutofautisha sauti hizo mbili.

Mwaka wa pili mwalimu alimwingiza dada kwenye mashindano ya shule za wilaya, akimbie na wasichana wanaoona. Palizuka ubishi mrefu mezani kwa waamuzi. Mwishowe walimruhusu, nadhani kwa sababu waliamini atakuwa wa mwisho. Akawa wa tatu. Mimi nilikuwa pale, nyuma yake nusu hatua kama nilivyoamriwa, na najua aliwapita wale wasichana kwa miguu yake. Lakini mwalimu wa shule nyingine akapeleka malalamiko. Alisema yule mkubwa alivutwa. "Aliyekimbia hapa ni huyu mdogo," alisema akinionyesha kwa kidole. "Kipofu anakimbia mbio gani?"

Waamuzi wakamfuta. Wakampa mche wa sabuni na madaftari mawili, wakasema ni zawadi ya kumtia moyo. Dada alimpa mama ile sabuni jioni ile bila maelezo, akaenda kulala mapema.

Na mimi? Hapa nisijifiche. Kesho yake shuleni watoto waliniita bingwa. Walisema nimekuwa wa tatu wilayani nikiwa darasa la nne, tena huku nimebeba mtu. Nilijua si kweli, lakini nilinyamaza na kuiacha iwe tamu. Baada ya siku chache nilianza kujiuliza kama haikuwa kweli kidogo.

Ulikuwa wakati ule mambo yalipoanza kubadilika kila upande. Kiwanda cha chai alichofanyia kazi baba kilikuwa kinapata wamiliki wapya, na majina ya watakaopunguzwa yalibandikwa ukutani kwa mafungu. Shule zikaanza kudai michango ambayo zamani haikuwepo. Papo hapo sokoni vikajaa vitu tusivyowahi kuviona. Marobota ya mitumba yalifunguliwa kila wiki, na mzee mmoja aliyeitwa Shabani alitandika viatu kwenye turubai karibu na stendi. Baba, akiwa bado na mshahara wa mwisho mwisho, alitupeleka kwake. Mzee Shabani alimtazama dada akipapasa soli, akauliza, "Binti, unakimbia umbali gani?"

"Mita mia nane," dada akajibu.

"Basi achana na hizo, hizo za kutembelea." Akachimba chini ya rundo akatoa raba nyepesi za bluu, akapiga magoti yeye mwenyewe, mzee mwenye kofia na ndevu nyeupe, akamvalisha. "Ruka," akasema. Dada akaruka pale pale katikati ya soko. Zilimtosha.

Habari kubwa ilikuja mwaka wa tatu. Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya, aliyekuwa ameanza kuuza unga na mafuta ya kupikia, alijitolea kugharamia siku ya michezo ya watoto wenye ulemavu wa nyanda za juu kusini, na ingefanyika Tukuyu. Mwalimu Gwakisa alikuja nyumbani mwenyewe kutuambia. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu mwenye haraka. Alisema kuna kocha anatoka Dar es Salaam. Anatafuta wasichana wasioona wa kuingia kambini, na watakaofaa watapelekwa nje ya nchi kukimbia na wasichana wa mataifa mengine, kwa sheria na kwa saa.

"Mbio zenyewe hasa?" dada aliuliza. "Anayeshinda anashinda, anayeshindwa anashindwa?"

"Mbio zenyewe," mwalimu akasema. "Na muda wako, Subilaga, nimeupima mara nyingi. Ukikimbia kama ulivyokimbia Jumamosi, huyo kocha hataondoka bila jina lako."

Mama alisema kidogo kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga, akimshukuru mwalimu, kisha akainuka kwenda kuwasha moto. Niliona kwamba anaogopa. Jina la baba lilikuwa limebandikwa ukutani wiki ile.

Siku yenyewe uwanja ulikuwa umefyekwa alfajiri. Ile harufu ilijaa kila mahali. Hema la wageni lilisimamishwa mbele ya mstari wa kumalizia, na kuzunguka uwanja kulikuwa na mabango yenye picha ya chupa za mafuta. Watu walikuja wengi, kutoka Ibighi, kutoka Kiwira, wengine kwa kusikia kwamba kuna vyakula vya bure. Kocha wa Dar es Salaam alikuwa mtu mfupi aliyevaa kofia, amekaa peke yake pembeni na daftari gotini. Mwalimu Gwakisa alinionyesha kwa kidevu. "Yule. Usimtazame. Mtazame dada yako."

Walikuwa wasichana sita wa mita mia nane, kila mmoja na mwongozaji wake. Kabla hatujaitwa, mama mmoja wa kamati ya maandalizi, aliyevaa kitenge kipya na beji kifuani, alitukusanya sisi waongozaji nyuma ya hema. Alikuwa mpole sana. Alitushika vichwa mmoja mmoja, akatugawia biskuti.

"Sikilizeni wanangu," alisema. "Mgeni rasmi anataka kuwapokea wote pamoja kwenye mstari. Wote sita, wameshikana mikono, ili apige nao picha. Kwa hiyo atakayekuwa mbele amsimamishe mwenzake, awasubiri wengine. Hawa hawashindani. Hawa tunawatia moyo. Mmeelewa?"

Tulisema tumeelewa.

"Na msiwaambie. Wakijua mapema raha inapungua."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nimejaribu mara nyingi kuurudia ubongo ule wa miaka kumi na moja, kuona ulivyofikiri. Nilichoelewa ni kwamba sheria imebadilishwa na wakubwa, kama zinavyobadilishwa nyakati zote. Nilielewa kwamba kuna furaha ya kushtukiza inamsubiri dada pale mstarini, na mimi nimepewa siri yake. Na nadhani, ingawa hili nililijua baadaye sana, kuna sehemu yangu iliyosikia maneno yale, hawa hawashindani, na haikushangaa. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikiitwa bingwa kwa mbio za dada yangu.

Tukaanza. Mzunguko wa kwanza dada aliwaacha wawili waende mbele, kama alivyofundishwa. Nilisikia raba zake zikigonga majani mabichi, sawasawa, bila kupoteza hata pigo moja. Mzunguko wa pili tulipoingia kona ya kwanza nikavuta mara moja, akakunja, akaanza kupanda kasi. Tulimpita mmoja kwenye upande wa mbali na hema. Tukampita wa pili, msichana mrefu wa Njombe mwenye blauzi ya kijani, kabla ya kona ya mwisho, na dada hakumsikiliza hata kidogo, alipita kama anapita mti. Tulipotoka kwenye kona mbele yetu hapakuwa na mtu. Palikuwa na majani tu, na mstari, na hema. Nilitakiwa kulegeza kitambaa. Alikuwa akisubiri nilegeze. Niliona shingo yake imekaza, anasubiri.

Nikavuta mara mbili.

Alisimama ghafla kiasi cha kutaka kuanguka. Akanyoosha mikono mbele, vidole vimetanuka, akipapasa hewa. "Kuna nini?" akauliza. "Mdogo wangu, mbele kuna nini?"

Niligeuka nyuma nikawaona wengine wanakuja. Yule wa blauzi ya kijani akafika, mwongozaji wake akamsimamisha. Akafika wa tatu. Mama wa kamati akatoka hemani akikimbia na kitenge chake, akawaunganisha mikono, na watu uwanja mzima wakasimama wakapiga makofi. Walipiga makofi kuliko yaliyopigwa kwa mbio yoyote siku ile. Wanawake wengine walikuwa wanafuta machozi. Wasichana sita wakatembezwa kuvuka mstari kama watoto wanaovushwa barabara. Dada alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Bado alikuwa anauliza, "Kuna nini?" lakini kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemsikia ila mimi.

Kila mmoja alipewa blanketi na kilo ya sukari. Picha zikapigwa, mfanyabiashara katikati.

Nilimwona Mwalimu Gwakisa amesimama na saa yake mkononi. Hakuwa ameibonyeza. Yule kocha alifunga daftari, akamwendea, na mimi nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. "Mwalimu," alisema, "mimi nimekuja kutafuta wakimbiaji. Nyinyi mmenionyesha harusi."

Nilifurahi. Kwangu harusi ilikuwa jambo zuri kuliko yote. Nilikimbia kumwambia dada kwamba mgeni wa Dar es Salaam amesema ilikuwa kama harusi. Alikuwa amekaa kwenye majani, blanketi mapajani, anavua raba. Alipolisikia neno lile mikono ikasimama kwenye kamba za kiatu. Kisha akaendelea kuvua.

Nyuma ya hema mwalimu alikuwa anagombana na watu wa kamati. Nilisikia sauti yake ikipanda, na sauti ya yule mama ikimjibu kwa upole, "Mwalimu, usituharibie siku. Watoto wamefurahi. Wewe unataka aliyeshindwa alie mbele ya wageni?" Na mwalimu akasema, "Ndiyo. Nataka alie. Wanaoona wakishindwa hawalii?"

Tulirudi nyumbani kwa miguu, manyunyu yakianguka, mkono wa dada begani kwangu kama kawaida. Tulipofika kwenye miti ya mikaratusi aliniuliza.

"Mbele yetu kulikuwa na nani?"

"Hakuna."

"Kulikuwa na ng'ombe? Mtoto ameingia uwanjani?"

"Hapana."

"Ulivuta mara mbili."

Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Si yote, lakini nilielewa kwamba ile siri haikuwa furaha ya mtu yeyote, na kwamba nimefanya kitu ambacho hakirudi. Ningeweza kumwambia palepale maneno ya yule mama. Ningekuwa mtoto aliyefuata amri ya mkubwa, na dada angejua wa kumkasirikia. Lakini niliogopa. Nilisema neno la kwanza lililokuja mdomoni.

"Nilichoka."

Tulikwenda hatua kadhaa. "Ulichoka," dada akasema. Halafu akasema, "Pole, mdogo wangu." Akaondoa mkono wake begani kwangu, akakata kijiti njiani, akatembea mpaka nyumbani akipapasa kwa kijiti, akiniacha nyuma.

Siku tatu baadaye Mwalimu Gwakisa alikuja. Alikuwa ameongea na kocha kabla hajaondoka. Kocha amekubali kumpima dada baada ya wiki tatu, Iringa, kwa saa, bila sherehe. Mwalimu alikuwa amepata nauli, hakusema wapi. Tulikuwa jikoni sote.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. "Nashukuru, mwalimu," akasema. "Lakini anayeniongoza amechoka."

Mwalimu akanitazama. Nilitazama moto.

"Nitakupa mwongozaji mwingine," mwalimu akasema. "Nina mvulana darasa la saba, anafaa."

"Hapana."

"Subilaga, unajua unachokataa?"

"Najua."

Alibembeleza sana. Hata alimgeukia baba, lakini baba, ambaye wiki ile alikuwa amerudisha sare za kiwandani, alisema tu kwamba mtoto amesema mwenyewe. Mama alikuwa anamenya ndizi na uso wake ulikuwa umepumzika kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Mwalimu alisimama mlangoni kitambo, akaaga, akaondoka. Mwaka uliofuata alihamishiwa upande wa Kyela, na baadaye tulisikia amefariki huko.

Dada hakukimbia tena. Michango ilipokuwa mingi yeye ndiye aliyeachishwa shule, kwa sababu baba alisema mimi ndiye ninayeweza kufika mbali. Akajifunza kufuma masweta kwa masista, akawa fundi mzuri, na kwa baridi ya kwetu hakukosa wateja. Zile raba za bluu alinipa mimi. Nilikwenda nazo sekondari, zikiwa na matambara puani mpaka mguu ulipokua. Nilishinda nazo mita mia nane, mara mbili, na jina langu likaandikwa na muda wangu ukaandikwa, na hakuna aliyeniuliza nani alinivuta.

Mama alifariki mwaka juzi. Matanga yalipokwisha na watu kupungua, tulibaki uani mimi na dada tukipukuchua maharage. Kijana mmoja wa ukoo wetu alikuwa anaangalia mbio kwenye simu, mbio za wanawake wasioona, nchi fulani, kila mmoja na mwongozaji wake. Alitusimulia zinavyokwenda. Jirani yetu mmoja aliyekuwa bado amekaa akasema, "Hizo nazo wanaziita mashindano. Si wanaoneana huruma tu." Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akaaga, na yule kijana naye akaenda zake na simu yake.

Dada aliendelea kupukuchua. Nami nikasema, nikiwa mwanamke mwenye mvi, "Dada, siku ile sikuchoka."

"Najua," akasema.

Sikutegemea jibu hilo.

"Ulipovuta mara mbili niliogopa," akasema. "Nikasikiliza mbele, hakuna kitu. Ndipo nikasikiliza pumzi yako. Miaka mitatu nilikuwa nakimbia kwa pumzi yako. Nilijua ikichoka inavyokuwa. Siku ile ilikuwa imetulia kabisa."

Nikamweleza basi, yule mama, biskuti, picha, maneno aliyosema. Nilimweleza kila kitu, na nilijisikia nikijitetea kama mtoto. Alisubiri nimalize.

"Nilidhani ni wewe mwenyewe," akasema. "Nilidhani umefika pale, ukaona mimi si wa kushinda. Wengine waliposema hivyo nilizoea. Lakini aliyefungwa mkono na mimi akisema hivyo, nitakimbiaje? Hata huyo mvulana wa mwalimu, nitajuaje anavuta kwa sababu gani?" Akapepeta maganda kwenye ungo. "Ungeniambia siku ile, ningekwenda Iringa."

Nililia, naye hakunikataza wala hakunibembeleza. Jua lilikuwa limepiga bati la jiko. Baada ya muda mrefu akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Wa pili alikuwa wapi?"

"Wapi lini?"

"Ulipovuta. Yule wa pili alikuwa umbali gani nyuma? Hakuna mwingine wa kumuuliza. Mwalimu alikuwa anatazama saa."

Nilifumba macho. Nilimwona yule wa blauzi ya kijani, anatoka kwenye kona. Nikasema alikuwa mbali.

"Mbali siyo kipimo," dada akasema, akainuka akakung'uta sketi. "Nipeleke."

Ua ulikuwa mdogo, tukatoka kwenye njia ya kando ya migomba. Alinishika kiwiko. Niliweka alama kwa kisigino, hapo ndipo nilipovuta, tukatembea, yeye akihesabu hatua kwa midomo. Nilipoona panatosha nikasimama nikasema, "Hapa."

"Arobaini na saba," akasema. Aliinua uso. "Umeniongezea?"

Nilikuwa nimemwongezea. Nilitaka kumpa kitu.

"Kidogo," nikasema.

"Turudi mwanzo. Safari hii usiniongezee hata moja."

Tukarudi. Nilisimama kwenye alama yangu nikatazama vizuri, uwanja, kona, goli, blauzi ya kijani, bila kumwonea huruma mtu yeyote. Tukatembea tena polepole, naye akihesabu sasa kwa sauti, na nilisimama pale pale alipokuwa yule wa pili.

"Thelathini na sita," dada akasema. Akairudia mara moja, kwa sauti ya chini, kisha akaachia kiwiko changu akarudi peke yake kwenye maharage.